Steringi Hafi: Mapato ya Sinema za Majagina na Hadhira Isiyohesabiwa ya Mwika

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza swali ambalo wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamewaachia wachumi na waandishi wa habari kwa muda mrefu mno: ni nani anayehesabiwa pale inaposemwa kwamba sinema fulani "imependwa"? Sinema tunazozijadili ni zile za majagina, yaani wahusika wenye nguvu zipitazo uwezo wa kibinadamu, ambazo kampuni za Marekani zimekuwa zikizitoa kwa mfululizo tangu mwanzoni mwa karne hii. Mahali tulipozitazama ni Mwika, kwenye miteremko ya kusini-mashariki ya Kilimanjaro, katika banda la video lililo karibu na soko. Watazamaji wa banda hilo hawamo katika hesabu yoyote ya mapato. Hoja yetu ni kwamba kutohesabiwa huko si upungufu wa takwimu tu. Kumetufanya tusione kwamba kile wanachokitazama si sinema ile ile iliyohesabiwa, bali ni matini nyingine, iliyotungwa upya kwa Kiswahili na kukamilishwa na hadhira yenyewe.

Hatudai kuwa tumefanya utafiti wa takwimu. Tulikaa bandani jioni kadhaa, tukasikiliza zaidi ya tulivyouliza, na yanayosimuliwa hapa ni yale tuliyoyasikia. Msomaji ayapime kwa kipimo hicho.

2.0 Mapato na Kinachopimwa

Tuanze na tarakimu, kwa kuwa ndizo zinazojulikana. Black Panther, iliyoongozwa na Ryan Coogler na kutolewa Februari 2018, iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani kote. Takriban dola milioni 700 kati ya hizo zilipatikana Marekani na Kanada. Avengers: Endgame ya mwaka 2019 ilifikia karibu dola bilioni 2.8. Baada ya hapo mambo yalibadilika. The Marvels ya mwaka 2023 iliambulia takriban dola milioni 206, kiwango cha chini kabisa katika mfululizo wa kampuni hiyo, na wahakiki wa huko wakaanza kuzungumzia uchovu wa hadhira.

Ni vema ikumbukwe kwamba tarakimu hizi hupima fedha, hazipimi vichwa. Mtazamaji wa nchi ambako tikiti ni ghali huhesabiwa mara nyingi zaidi ya yule wa nchi ambako tikiti ni rahisi, na asiyekata tikiti inayoripotiwa hahesabiwi kabisa. Afrika ya Mashariki imo katika hesabu hizo kwa kiasi kidogo, kupitia majumba machache ya Nairobi, Kisumu, Dar es Salaam na Arusha. Kisumu, kwa mfano, ilipata onyesho la mapema la Black Panther mwezi huo huo wa Februari 2018, heshima iliyotokana na Lupita Nyong'o, mwigizaji wa nafasi ya Nakia, ambaye asili yake ni huko.

Haikuwa hivyo daima. Fair (2018) ameonyesha kwa kina jinsi kwenda sinema kulivyokuwa sehemu ya maisha ya mijini nchini Tanzania kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Mji wa Moshi nao ulikuwa na majumba yake ya sinema, na mtu wa Mwika aliyeshuka mjini alikata tikiti iliyoandikwa katika daftari la mtu fulani. Video ilipoenea, na televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, majumba mengi nchini yalifungwa. Watu hawakuacha kutazama; waliacha kuhesabika.

Siku hizi sinema hufika Mwika bila tangazo. Nyingi huletwa mwezi Desemba, wakati Wachaga waliotawanyika Dar es Salaam, Arusha na kwingineko wanapopanda nyumbani kwa ajili ya Krismasi, na vijana wao huja na flashi zilizojaa. Nyingine hununuliwa katika vibanda vya kuwekea muvi. Kwa hiyo sinema ya mwaka 2019 yaweza kutazamwa kabla ya ile ya mwaka 2012 inayotakiwa kuitangulia. Jagina hufa Jumamosi na Jumanne yu hai, na hakuna anayeona ajabu. Bibi asimuliaye habari za sungura hatakiwi kueleza ni kwa nini sungura aliyeliwa jana leo anaiba karanga. Uchovu unaosemwa na wahakiki wa ng'ambo unategemea kutazama kwa mpangilio wa kutolewa kwa sinema, na mpangilio huo Mwika haupo. Hatusemi kwamba watu wa Mwika hawachoki. Tunasema kwamba uchovu wao, ukiwapo, una sababu nyingine.

3.0 Fanani wa Banda

Sinema zinazopendwa bandani ni zile "zilizotafsiriwa". Neno hili lisitupoteze. Mfasiri wa banda hafasiri kwa maana inayofundishwa katika idara zetu. Huirekodi sauti yake juu ya sauti ya sinema, akasimulia, akaigiza wahusika wote, akatoa maoni, akatania, na pengine akaitaja namba yake ya simu katikati ya vita. Mwanzilishi wa sanaa hii anayejulikana zaidi nchini ni marehemu Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, ambaye kazi zake zimechambuliwa na Krings (2015). Miongoni mwa waliofuata, jina la DJ Mack linajulikana karibu kila banda. Kenya wanaye DJ Afro, na Uganda ina utamaduni mkubwa wa aina hiyo kwa Kiganda.

Mulokozi (1989), katika kuainisha tanzu za fasihi simulizi, alisisitiza kwamba utanzu hauelezeki kwa umbile lake peke yake, bali pia kwa muktadha wa uwasilishaji: fanani, hadhira, tukio, mahali na wakati. Tukikitumia kigezo hicho, banda la Mwika linastahili kuwamo katika fasihi simulizi kuliko tulivyozoea kudhani. Kuna fanani, ingawa sauti yake imerekodiwa. Kuna hadhira inayomjibu. Tena kuna fanani wa pili, ambaye hatukumtarajia: mara nyingi mtazamaji mmoja mwenye umri wa makamo huchukua Kiswahili cha mfasiri na kuwaeleza wazee kwa Kichaga, akiongeza yake. Hivyo maneno ya mwandishi wa Hollywood hufika kwa babu aliyeketi kwenye benchi la nyuma yakiwa yamepita vinywa viwili.

Katika Black Panther suala la lugha lina uzito wa pekee. Wakanda ni nchi ya kubuni iliyoanza kuonekana mwaka 1966 katika vitabu vya katuni vya Marekani, na waandishi wake wamewahi kuiweka Afrika ya Mashariki. Hata hivyo, katika sinema Wawakanda huzungumza Kixhosa, uamuzi ulioanzia kwa mwigizaji John Kani katika sinema ya mwaka 2016. Mfasiri tuliyemsikia hakukijua Kixhosa. Alifuata maandishi ya Kiingereza yaliyo chini ya picha. Mzee mmoja aliuliza: "Kama ni majirani zetu, mbona Kiswahili hawakijui?" Kijana akamjibu kwamba wamejificha miaka mingi, hawajachangamana na watu. Jibu hilo, ambalo halimo katika sinema, linakubaliana kabisa na mantiki ya sinema. (Wamarekani hao hao walipombuni Ororo, jagina wa kike mwenye kuamrisha mvua na radi, ambaye katika toleo la mwaka 1975 anakutwa Kenya, walimpa jina ambalo katika Kiswahili chetu ni kivumishi chenye maana ya laini. Wanaleksikografia watabasamu.)

4.0 Jumba la Makumbusho

Kuna onyesho moja ambalo hadhira ya Mwika hulipokea kwa namna isiyoweza kusomwa katika tarakimu za mapato. Erik Killmonger, adui wa T'Challa, yumo katika jumba la makumbusho la Uingereza. Anamuuliza mtunzaji asili ya vifaa vilivyowekwa katika makabati ya vioo, kisha anamsaili kama mababu zake walivilipia bei ya haki. Muda mfupi baadaye anaondoka na shoka la Wakanda.

Mfasiri aliharakisha hapo, kwani hapana mapigano katika nusu ya kwanza ya onyesho. Hadhira haikuharakisha. Mtu mmoja alisema kwa sauti: "Na kichwa cha Mangi Meli?" Kelele zikatulia.

Wasomaji wasiotoka Uchagani wanahitaji maelezo. Mangi Meli wa Moshi alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, pamoja na watu wengine 18, miongoni mwao wakiwa wamangi wenzake Molelia wa Kibosho na Ngalami wa Siha. Inasimuliwa kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na mjukuu wake, Isaria Meli, alikitafuta kwa miaka mingi. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba uchunguzi wa vinasaba umewaunganisha baadhi ya mafuvu yaliyotoka Kilimanjaro na ndugu walio hai. Mojawapo ni la Akida, mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikupatikana.

Kuanzia hapo Killmonger hakuwa adui tena bandani. Alipompindua T'Challa na kuketi katika kiti cha enzi, vijana kadhaa walimpigia makofi, na ikazuka hoja ambayo mfasiri hakuitarajia: steringi ni nani? Hoja iliendelea mpaka Killmonger alipoamuru mimea ya siri ya wafalme ichomwe moto. Hapo mama mmoja muuza ndizi alisema, "Huyu sasa anakata mgomba wa baba yake," na makofi yakakoma. Nchini Marekani pia wahakiki wengi walibishana juu ya haki ya Killmonger, lakini walizungumzia utumwa na ubaguzi wa rangi. Mwika ilizungumzia fuvu na kihamba. Anayesema kwamba sinema hii "ilipokewa vizuri Afrika" amesema jambo la kweli lisilotufundisha chochote.

Si kila anachoongeza fanani ni cha kusifiwa. Okoye, jemadari wa walinzi wa kike, anapovua nywele za bandia na kuzitupa usoni mwa adui katika mapigano ya Busan, mfasiri wetu alitia mzaha kuhusu upara wake na kuhusu mume atakayemtaka. Wanaume walicheka. Yule mama hakucheka, alimwambia mwenye banda, kana kwamba ndiye mfasiri: "Mangi, mwache mtoto wa watu afanye kazi." Tunaliona tukio hili kuwa la maana, kwani linaonyesha kwamba fanani wa banda, hata akiwa ni sauti tu ndani ya kisanduku, hasikilizwi kama redio. Anajibiwa, na anakanywa.

5.0 Kanuni ya Steringi

Kila mtoto wa banda anaijua kanuni: steringi hafi. T'Challa anapotupwa kutoka juu ya maporomoko ya maji, hakuna aliyehuzunika. Watoto waliwaambia wakubwa wangoje. Kanuni hii si ya Kiswahili tangu asili. Jagina wetu mkuu wa kale, Fumo Liyongo, alikuwa na nguvu zipitazo za watu, mwili usiopenywa na silaha, na mahali pamoja pa udhaifu, kitovuni, ambapo mwanawe alimchoma kwa sindano ya shaba. Liyongo anakufa, na kufa kwake ndiko kunakoukamilisha utendi. Steringi asiyekufa ni mgeni aliyeletwa na sinema za Kihindi, za karate na za Hollywood, ingawa amekuwa mwenyeji kiasi cha kusahauliwa alikotoka.

Ndiyo maana Black Panther: Wakanda Forever (2022) ilileta taharuki ya aina yake. Chadwick Boseman, aliyeigiza nafasi ya T'Challa, alifariki dunia tarehe 28 Agosti 2020, na watengenezaji hawakumtafuta mwingine wa kuchukua nafasi hiyo. Sinema inaanza kwa kifo cha mfalme kwa maradhi. Iliingiza takriban dola milioni 859, pungufu ya ile ya kwanza, na pengo hilo limeelezwa sana. Bandani, baadhi ya watoto walikataa kuamini. Mmoja alishikilia kwamba mfasiri amekosea.

Watu wazima waliamini, na kilichowasumbua ni kingine. Wawakanda waliovaa nguo nyeupe wanalisindikiza jeneza kwa ngoma na nyimbo, kisha jeneza linainuliwa angani na kuingizwa katika chombo kirukacho. Mfasiri alisema tu kwamba mfalme amepumzishwa. Katika nchi ambako maiti husafirishwa usiku kucha kutoka Dar es Salaam ili izikwe katika kihamba cha baba yake, maelezo hayo hayakutosha. Babu wa benchi la nyuma, ambaye alikuwa kimya tangu mwanzo, alimvuta shati yule aliyekuwa akimweleza kwa Kichaga. Mtu yule akatusemea sote kwa Kiswahili: mzee anauliza, wamemzika wapi? Mwenye banda alisimamisha picha, akairudisha nyuma kidogo ili watazame tena.