Maji, Moto na Mwendo: Kutafuta Hitilafu katika Mtambo wa Zamani wa Maji ya Moto

Katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, ambako baridi ya asubuhi huwa kali, ziko nyumba, shule za bweni na nyumba za wageni za zamani zenye mtambo wa kuni wa kupashia maji ya kuogea. Nyumba za namna hiyo huonekana Lushoto, Mbeya na kule Limuru. Mtambo wenyewe hauna pampu wala injini, lakini hupandisha maji ya moto kutoka jikoni hadi darini na kuyateremsha tena usiku na mchana.

Mtambo huo unapoharibika, watu wengi huanza kubadilisha kifaa kimoja baada ya kingine kwa kubahatisha. Njia hiyo hula fedha, na mara nyingine huhatarisha maisha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba elimu ya joto inayofundishwa katika shule za sekondari inatosha kumwongoza mchunguzi kutoka kwenye dalili hadi kwenye chanzo, bila kufungua hata skrubu moja kabla ya wakati wake.

Sehemu za mtambo

Mtambo una sehemu kuu tano. Kwanza ni tangi la maji baridi, ambalo huwekwa juu kabisa na hujazwa kwa koki yenye boya. Pili ni silinda, yaani pipa lililofungwa ambalo huhifadhi maji ya moto. Maji kutoka tangini huingia silinda kwa chini. Tatu ni boila, ambalo hukaa chini ya silinda na kupashwa moto na kuni. Nne ni mabomba mawili yanayounganisha boila na silinda: bomba la kupandia, linalotoka juu ya boila, na bomba la kurudia, linaloingia chini yake. Tano ni bomba la pumzi. Hili hutoka juu ya silinda, likapanda kupita usawa wa tangi, kisha likapinda na kuachwa wazi juu ya maji ya tangi. Maji ya bafuni huchukuliwa kutoka juu ya silinda, mahali ambapo maji ya moto zaidi hukusanyika.

Nguvu inayoyaendesha maji

Maji yakipashwa moto hupanuka, na kwa hiyo kila lita huwa nyepesi zaidi. Lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 60 za sentigredi ina uzani wa gramu 983. Yakifika nyuzi 80, lita hiyo ina gramu 972 tu. Maji mazito ya bomba la kurudia hushuka na kuyasukuma maji mepesi ya bomba la kupandia. Vitabu vya fizikia huuita mwendo huu myuko.

Inafaa kupima ukubwa wa nguvu hiyo. Tuseme kimo kutoka boila hadi silinda ni mita 2, maji yanapanda yakiwa na nyuzi 80 na kurudi yakiwa na nyuzi 60. Tofauti ya kanieneo kati ya mabomba hayo mawili ni sawa na ile ya tabaka la maji lenye kimo cha zaidi kidogo ya sentimita 2. Hiyo ndiyo nguvu yote iliyopo. Kwa sababu hiyo mabomba ya mtambo huu hufanywa mapana, na hulazwa yakipanda mfululizo. Bomba likiinuka na kushuka tena kwa sentimita 5 tu, hewa inayonaswa hapo huweza kuusimamisha mzunguko mzima.

Maswali matatu ya mchunguzi

Mchunguzi na ajiulize maswali matatu kwa utaratibu huu: Je, maji yapo? Je, moto upo? Je, mwendo upo? Asiende kwenye swali la pili kabla ya kulijibu la kwanza, na asibadilishe vitu viwili kwa pamoja, kwani hatajua ni kipi kilicholeta nafuu.

1. Maji. Koki ya maji ya moto isipotoa maji, jambo la kwanza ni kutazama tangi. Likiwa tupu, kosa liko kwenye boya lililokwama au kwenye maji ya mtaani yaliyokatika, na moto uzimwe mpaka tangi lijae. Tangi likiwa limejaa, muda wa tatizo ndio utakaosema. Maji yaliyokatika ghafla, hasa baada ya tangi kukauka na kujazwa tena, yamezuiwa na hewa iliyonaswa. Koki itakohoa na kutema maji kidogo kidogo. Lakini maji yaliyopungua polepole kwa miezi au miaka yanaonyesha bomba lililozibwa na kutu au chokaa. Dalili ni ile ile, bali historia ni mbili tofauti.

2. Moto. Katika boila la kuni jambo hili huonekana kwa macho. Lakini silinda nyingine ziliongezewa hita ya umeme baadaye, na hapo hesabu ndogo husaidia. Kupasha lita 150 kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 60 huhitaji kilojouli 150 × 4.2 × 40, yaani 25,200. Hita ya kilowati 3 hutoa kilojouli 3 kila sekunde, hivyo itachukua sekunde 8,400, yaani saa 2 na dakika 20, mbali na joto linalopotea njiani. Anayelalamika kwamba maji hayajapata moto baada ya saa moja hana hitilafu yoyote, isipokuwa ya subira.

Je, ikiwa kazi hiyo inachukua karibu saa 3 na nusu? Wengi watanunua hita mpya. Lakini hita haichoki kama ng'ombe wa plau. Kwa kawaida ama inafanya kazi ama imekatika. Yafaa kwanza kupima volteji. Nguvu ya hita hufuata mraba wa volteji: hita iliyotengenezwa kwa volti 230, ikipata volti 190, hutoa asilimia 68 tu ya nguvu yake, na dakika 140 huwa kama 205. Kosa liko kwenye waya za mtaani, si kwenye silinda. Kipimo hiki kifanywe na fundi wa umeme, na umeme uzimwe kabla ya mtu yeyote kufungua kifuniko cha hita.

Maji yaliyohifadhiwa yafikishwe nyuzi 60. Maji ya uvuguvugu yanayokaa siku nyingi hulea vijidudu, vikiwamo vile vya ugonjwa wa mapafu uliowapata watu waliohudhuria mkutano mjini Philadelphia, Marekani, mwaka 1976, ambao vijidudu vyake vilitambuliwa mwaka 1977. Maji hayo ya nyuzi 60 huunguza ngozi, basi yachanganywe na ya baridi kabla ya kuoga, hasa kwa watoto.

3. Mwendo. Moto unawaka vizuri, boila linanguruma, lakini bafuni maji ni baridi. Hapa joto lipo ila halisafiri. Mchunguzi aguse mabomba mawili kwa uangalifu, akitumia kitambaa. Mtambo mzima ukiwa katika hali njema, bomba la kupandia huwa la moto na la kurudia huwa na joto la kadiri. Ikiwa bomba la kupandia ni la moto sana karibu na boila na baridi karibu na silinda, mwendo umekatika kati ya sehemu hizo mbili. Moto uondolewe mara moja, ndipo itafutwe hewa iliyonaswa, koki iliyofungwa au bomba lililozibwa.

Kuhusu kuchemka, wakazi wa miinuko wakumbuke kwamba mahali palipo mita 1,700 juu ya bahari, kama Nairobi au Mbeya, maji yaliyo wazi huchemka karibu na nyuzi 94 au 95. Kipimajoto kinachoonyesha hivyo hakijaharibika.

Ukoko wa chokaa na kutu

Maji yaliyopita katika miamba ya chokaa hubeba chumvi za kalisi. Yakipashwa moto, sehemu ya chumvi hizo hugeuka kuwa kabonati ya kalisi isiyoyeyuka, ikaganda kwenye kuta za boila kama ukoko wa wali chunguni. Ukoko hupitisha joto kwa shida sana ukilinganishwa na chuma. Matokeo yake ni kwamba kuni nyingi huteketea, maji hukawia kupata moto, na chuma chenyewe hupata joto kupita kiasi. Maji yaliyonaswa chini ya ukoko huchemka kwa vishindo. Ndio mngurumo usikikao.

Maji yakitoka na rangi ya kahawia, chanzo ni kutu. Mabomba ya chuma ya zamani hupakwa zinki ili zinki iliwe kabla ya chuma. Mara nyingi fundi hukata kipande kilichooza na kuweka shaba. Shaba ikitangulia katika njia ya maji, chembe zake huyeyuka kidogo na kuganda juu ya zinki iliyo mbele, zikafanya betri ndogo zinazotoboa chuma. Kiraka kipya huwa kimekula bomba zima.

Tundu lisilozibwa

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini katika mtambo huu kuna tundu moja ambalo mtu akiliziba, ndipo atakapoujenga ukuta: mdomo wa bomba la pumzi.

Lita 150 za maji zikitoka nyuzi 20 hadi nyuzi 80 huongezeka kwa lita 4 hivi. Maji hayo ya ziada hurudi tangini kwa kupitia bomba la maji baridi, na bomba la pumzi hutoa hewa na mvuke. Hizo ni njia mbili za usalama. Ikizibwa moja, mtambo huweza kuendelea na kazi bila dalili yoyote, na hapo ndipo hatari ilipojificha. Mtu amefunga bomba la pumzi kwa kizibo kwa sababu lilikuwa likidondosha maji. Nyigu wamejenga udongo ndani yake. Kisha siku moja koki ya maji baridi inafungwa kwa ajili ya matengenezo na kusahauliwa. Moto ukiwashwa, boila limekuwa chungu kilichofungwa pande zote.

Maji yaliyofungwa hivyo huweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Tuseme lita 100 zimefika nyuzi 150, kisha chuma kikapasuka. Karibu kilo 9 za maji hayo hugeuka mvuke papo hapo, na kila kilo huwa karibu lita 1,670. Jumla ni mita za ujazo 15, yaani mvuke wa kujaza chumba chenye urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na kimo cha mita 2.5, kwa kufumba na kufumbua. Hakuna ukuta wa jiko utakaostahimili, wala mtu aliyesimama kando yake.

Kwa hiyo, kabla ya kuwasha moto katika mtambo uliokaa bila kazi, yahakikishwe mambo matatu: tangi limejaa, koki ya bomba la maji baridi iko wazi, na mdomo wa bomba la pumzi hauna kizuizi. Pia isiwekwe kamwe koki kwenye bomba la pumzi. Bomba hilo likimwaga maji ya moto tangini, lisizibwe. Hiyo ni dalili ya moto uliozidi, na kinachopaswa kupunguzwa ni kuni.

Jaribio la darasani

Chukua chupa ya maabara yenye kizibo cha matundu mawili. Pitisha mrija mmoja mfupi unaoishia chini ya kizibo tu, na mwingine mrefu unaofika karibu na kitako cha chupa. Unganisha ncha za juu na chombo kilicho wazi kilichoinuliwa: mrija mfupi uishie juu kidogo, mrefu uishie kwenye kitako cha chombo. Jaza maji hewa yote itoke, tia wino katika chombo cha juu, kisha pasha chupa moto mdogo. Wino utaonekana ukishuka kwa mrija mrefu.

Maswali

1. Kwa nini silinda huwekwa juu ya boila?
2. Hita ya kilowati 2 itachukua muda gani kupasha lita 80 kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 60?
3. Tone la siki likidondoshwa juu ya ukoko wa boila hutoa viputo. Ni hewa gani hiyo, nayo yathibitisha nini?
4. Maji ya moto yamekatika ghafla, na tangi limejaa. Taja hatua za uchunguzi kwa utaratibu wake, na sababu ya kila hatua.