Gari Ikilala, Mafuta ya Motere Hayalali
Somo kwa koperative: ni wakati gani kufanya vidanje ya gari isiyotembea sana



Katika koperative nyingi za Kivu, kamioneti ya shirika inafanya kazi kwa nguvu mara mbili kwa mwaka: wakati wa mavuno ya msimu A, mwezi wa kwanza na wa pili, na wakati wa mavuno ya msimu B, mwezi wa sita na wa saba. Kati ya hapo inakaa kwenye depo. Inatoka tu kuleta mbegu, kupeleka mgonjwa ao kufika sokoni. Ni vilevile kwa motopompe na kwa motere ya mashini ya kusaga. Na kila tunapouliza habari ya kubadilisha mafuta, tunajibiwa: «Vidanje ya nini, na motokari haiyatembea?»

Jibu hilo linaweza kupotezea koperative motere nzima, tena siku ambayo magunia yako njiani na mnunuzi anangoja. Tujifunze kwa nini.

Mafuta yanaharibika namna gani?

Mafuta ya motere yana kazi nyingi. Yanalainisha vyuma visisagane, yanapunguza moto, yanabeba uchafu, na yanakinga vyuma na kutu. Kiwanda kinatia ndani yake dawa za kufanya kazi hizo. Dawa hizo zinaisha polepole, hata kama kilometa ni chache.

Adui wa kwanza ni maji. Wengi wanashangaa kusikia hivi: motere ikichoma litri moja ya esanse ao ya mazutu, inatoa karibu litri moja ya maji, yakiwa mvuke. Sehemu kubwa inatoka na moshi. Lakini motere ikiwa ingali baridi, mvuke kidogo unapenya kando ya segma na kushuka kwenye karteri, ndilo bakuli la chini linalobeba mafuta. Huko unageuka kuwa matone. Kwenye milima yetu, ambako usiku ni baridi, jambo hili linazidi.

Adui wa pili ni asidi. Mazutu yana kiberiti ndani yake. Kikiungua na kukutana na maji, kinafanya asidi yenye kula vyuma. Mafuta mapya yana dawa ya kuizima. Mafuta yaliyochoka hayana tena.

Adui wa tatu ni esanse ao mazutu ambayo hayakuungua vizuri. Yanashuka kwenye mafuta na kuyafanya mepesi kama maji, hata yasiweze kushika vyuma.

Gari inayosafiri mbali inapata moto wa kutosha, na maji yanatoka kama mvuke. Ile inayotembea kilometa mbili na kuzimwa haifiki hapo. Ndiyo maana safari fupifupi zinachosha mafuta kuliko safari ndefu.

«Tunaiwasha dakika tano kila juma»

Desturi hii iko pahali pengi, na nia yake ni nzuri. Lakini dakika tano za kuwasha gari ikiwa imesimama zinaongeza maji kwenye karteri bila kuyakausha. Heri kuiacha ilale kuliko kuiwasha hivyo.

Kama mnataka kuiamsha, ipelekeni njiani dakika 20 ao 30 mfululizo, motere ishike moto kabisa. Mara moja kwa mwezi inatosha. Pangeni siku hiyo pamoja na kazi ya kweli, ili mazutu yasiende bure.

Kilometa ao miezi: kinachotangulia

Kitabu cha gari kinatoa hesabu mbili: kilometa na miezi. Sheria ni kufuata ile inayofika ya kwanza. Mfano: kitabu kinasema kilometa 5 000 ao miezi 6, na gari yenu inatembea kilometa 1 200 kwa mwaka. Mkifuata kilometa peke yake, mtangoja zaidi ya miaka minne! Mafuta hayo yatakuwa yamekwisha nguvu zamani.

Kama kitabu kimepotea, shikeni hivi:

– Gari isiyotembea sana: vidanje moja kwa mwaka, hata kama kilometa ni kidogo sana.
– Gari ya safari fupifupi, ao motere ya zamani: kila miezi 6.
– Motere ndogo ya esanse ya motopompe ao ya mashini: nyingi zinaomba vidanje ya kwanza kisha saa 20 za kazi, halafu kila saa 100 ao kila miezi 6. Angalisho: motere zile ambazo mafuta yake yanachanganywa ndani ya esanse hazina vidanje.

Ni mwezi gani? Wengi wanangoja mbele ya mavuno, wakati wa kuamsha gari. Sisi tunashauri kinyume: fanyeni vidanje mara kazi ya mavuno inapoisha, mbele ya kulaza gari. Mafuta machafu yakikaa miezi mitatu juu ya kusineti, asidi inafanya kazi yake usiku na mchana. Gari ilale na mafuta safi.

Kazi yenyewe

1. Pashisha motere moto, kisha izime. Weka gari pahali sawa na uzuie magurudumu kwa mawe.
2. Fungua kizibo cha chini, ukijikinga usiungue. Acha mafuta yatoke dakika 15 ao 20.
3. Badilisha filtri pia. Filtri ya zamani inabaki na mafuta machafu ndani. Paka mafuta mapya kidogo kwenye joanti ya filtri mpya, uikaze kwa mkono.
4. Funga kizibo, tia mafuta mapya, washa dakika chache na uangalie kama kunavuja.
5. Zima, ngoja kidogo, kisha pima kwa kijiti. Mafuta yawe kati ya alama mbili. Kuzidisha ni kubaya kama kupunguza.

Nunueni bido ambayo kizibo chake hakijafunguliwa. Kisha neno API angalieni herufi: zenye kuanza na C ni za mazutu, zenye kuanza na S ni za esanse. Bido zingine zinabeba zote mbili.

Msidanganywe na rangi

Kwa motere ya mazutu, mafuta yanakuwa meusi upesi. Hiyo si ugonjwa. Alama ya kuogopa ni povu jeupe kama maziwa. Likiwa kidogo chini ya kifuniko cha juu tu, ni maji ya safari fupi. Lakini kama mafuta kwenye kijiti nayo ni meupe, na maji ya radiatere yanapungua, msiwashe tena: iteni fundi.

Mafuta ya zamani

Yasimwagwe shambani, mtoni ao karibu na chemchemi. Yana vyuma na sumu. Wekeni kwenye bido yenye alama, mbali na watoto na chakula, na msiitumie tena bido hiyo kwa mafuta ya kula. Yapelekeni kwenye garaji inayoyakusanya.

Maulizo ya kujadiliana katika kikao

– Vidanje ya mwisho ya gari yetu ilifanyika tarehe gani? Nani anaweza kuonyesha imeandikwa wapi?
– Nani ataandika katika daftari tarehe, kilometa na saa za motere: shofere ao mtunza depo?
– Je, bei ya mafuta na filtri imewekwa katika bajeti ya msimu, ao tunangoja kuchangisha siku gari itakapokataa?

Kama ulizo la kwanza halina jibu, vidanje ifanyike juma hili.