TATHMINI NA THAMANI: SOMO KUTOKA KWENYE RIPOTI FOMU

Kuna maneno mawili tunayoyatumia hapa shuleni kana kwamba ni pacha: mtihani na tathmini. Yote mawili asili yake ni Kiarabu, lakini hayakutoka kwenye shina moja. Mtihani ni jaribio. Ndiyo maana mtu wa pwani akipatwa na msiba au ugonjwa usiokwisha husema "huu ni mtihani", na hakuna anayemwuliza karatasi ya maswali iko wapi. Tathmini nayo ni ndugu wa damu wa neno thamani. Kutathmini kitu ni kutafuta kina thamani gani. Kwa hivyo anayemtahini mtoto anamjaribu, na anayemtathmini anatafuta thamani yake. Hizo ni kazi mbili, na mtu anaweza kuifanya ile ya kwanza miaka nenda miaka rudi bila kuigusa ya pili.

Hapa Kenya hiyo ya kwanza tuliizoea mno. KCPE ilianza mwaka 1985 na ikafanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na watahiniwa takriban milioni 1.4. Ukiacha insha, mtoto alikuwa akichagua A, B, C au D kwa penseli, kisha miaka minane ya masomo ikawa swali moja tu la jirani: "Umepata ngapi?" Mtaala wa umilisi umejaribu kulirekebisha jambo hili. KJSEA, ambayo wanafunzi wa Gredi ya 9 waliifanya kwa mara ya kwanza mwaka 2025, imepewa asilimia 60 ya alama. Asilimia 20 hutoka kwenye KPSEA ya Gredi ya 6, na 20 nyingine kwenye tathmini zinazofanyiwa shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8. Ni hatua, sikatai. Lakini bado ni namba juu ya namba. Hata vile viwango vya darasani, kuanzia "kuzidisha matarajio" hadi "mbali na matarajio", ni visanduku vya kutiwa alama ya vyema. (Hicho cha mwisho hunichekesha. "Mbali na" kwa Kiswahili ni pia "zaidi ya", kama tunavyosema mbali na kuimba, anacheza ngoma. Mzazi asiyejua anaweza kuchinja kuku akidhani mwanawe ameyapita matarajio kwa mbali!)

Basi thamani yenyewe ya mtoto itaandikwa wapi? Kuna ile mistari miwili chini ya ripoti fomu: "Maoni ya mwalimu wa darasa." Baba aliyeuza mbuzi ili alipe karo anaifungua bahasha na kusoma, "Aongeze bidii." Kama hajui kusoma anasomewa na jirani. Pengine ni hapo atakapoamua kama mbuzi wa pili ana maana kuuzwa au la. Maneno hayo mawili yanabeba mzigo mkubwa mno kuliko uwezo wao, na kwa kuwa ni maneno, sisi wa chama cha Kiswahili tuna haki ya kuyachunguza.

Tuanze na kiambishi m-. Kiswahili kina ufundi wa kuchukua tendo au sifa na kuifanya mtu: aliyetoroka anakuwa mtoro, aliyeiba anakuwa mwizi, na uvivu unazaa mvivu. Ukiandika "Ni mtoro", umechukua siku kadhaa za maisha ya mtoto ukamvika kama sare ya shule. Hata akihudhuria muhula mzima unaofuata, jina litakuwa linamngoja langoni.

Halafu kuna hu- ya mazoea. "Huchelewa." Sentensi hii haina siku wala idadi, na wala hakuna swali linaloweza kuzaliwa ndani yake. Ilinganishe na hii: "Amechelewa mara 6 muhula huu, zote Jumatatu." Hapo hapo msomaji yeyote mwenye akili atauliza, kwani Jumatatu kuna nini? Huenda ndiyo siku ya soko na mtoto anambebea nyanya yake mboga kabla ya kuja shuleni. Huenda ni jambo zito zaidi. Tofauti ni kwamba sentensi ya pili imefungua mlango, ile ya kwanza imeufunga na kutia kufuli.

Lakini lulu yenyewe, kwa maoni yangu, ni kiambishi -ja-. Angalia "Hajui kusoma" na "Hajaweza kusoma." Zote zinasema kwamba kazi haijafanyika. Ya kwanza inakomea hapo. Ya pili inabeba neno "bado" tumboni mwake hata usipolitamka. Tunasema "mvua haijanyesha" tukiwa tunaitazamia. Anayesema "mvua hainyeshi" ameshakunja jembe. Zipo lugha nyingi zinazohitaji maneno mawili au matatu kueleza ngojeo hilo, na sisi tunalo katika silabi moja. Ni ajabu kwamba linakosekana katika ripoti fomu, mahali ambapo lingefaa kuliko pote.

Sasa tuje kwenye msaada. Lev Vygotsky, mtaalamu wa saikolojia wa Kisovieti aliyefariki mwaka 1934, alishikilia kwamba huwezi kumjua mtoto kwa kuangalia tu anachoweza akiwa peke yake. Lazima uangalie pia anachoweza akishikwa mkono na anayejua zaidi, kwa kuwa anachokifanya leo kwa kusaidiwa ndicho atakachokifanya kesho mwenyewe. Mtihani wetu umejengwa kinyume cha hayo: kila mtu na dawati lake, shingo mbele, na ukisaidiwa umeiba. Sawa, mtihani una sheria zake. Ila tathmini haina haja ya kuona haya kuuliza "alisaidiwa na nani?" Na lugha imeshaandaa vifaa. Tuna kauli ya kutendewa: soma, somea, somewa. Ukiandika "Akisomewa aya ya kwanza, huendelea mwenyewe mpaka mwisho", umeeleza anapokwama, dawa yake, na mahali nguvu zake zinapoanzia. (Mtaona nimetumia hu- humo. Hu- yenyewe haina kosa ikipewa sharti la kusimamia.)

Watoaji wa msaada huo wa kila siku nao hawaandikwi popote. Kuna mwanafunzi anayemnong'onezea jirani yake maandishi ya ubaoni kwa sababu jirani haoni vizuri. Kuna mpishi anayejua ni nani ameacha kula tangu Jumatano. Matroni anajua ni nani halali usiku. Ukiwaweka hao pamoja na mwalimu wa darasa kwa nusu saa, utapata picha ya mtoto ambayo hakuna karatasi ya maswali inayoweza kuichora.

Si ndoto. Tangu mwaka 1984 nchi hii imekuwa na vituo vya tathmini ya elimu, EARC, vilivyoanzishwa kwa ajili ya watoto wenye ulemavu. Kazi yake ni kuchunguza macho, masikio, viungo na jinsi mtoto anavyojifunza, na mzazi huulizwa habari za mtoto tangu kuzaliwa, kwa sababu yeye ndiye shahidi. Mtoto aliyeitwa "mkaidi" kwa kutoitika anaweza kugunduliwa kuwa hasikii. Swali langu ni moja: kwa nini utaratibu huu wa kumwuliza anayemjua mtoto uwe wa mwenye ulemavu peke yake?

Mwalimu atasema, "Nina wanafunzi 60, nitaandika saa ngapi?" Malalamiko hayo ni ya haki kabisa, na hao 60 hawakuletwa na mwalimu. Lakini si lazima kuandika kitabu. Daftari moja dogo, watoto watano kwa siku, sentensi moja kila mmoja: siku 12 za shule na darasa zima limeguswa. Na wanafunzi wenzangu wasinyamaze kana kwamba hili ni la walimu tu. Sisi ndio tunaotungiana majina bwenini, na kiambishi m- chetu ni kikali kuliko cha ripoti fomu.

ZOEZI. Ziandike upya sentensi hizi kwa kutumia -ja-, idadi au siku, na kauli ya kutendewa inapofaa. Usimsingizie mtoto wema asio nao: kama kazi haikufanyika, sema haikufanyika.
(a) Ni mzembe wa hesabu.
(b) Husinzia darasani.
(c) Hawezi kuongea mbele ya wenzake.
(d) Amefaulu vyema. (Hii msiidharau, ndiyo ngumu kuliko zote. Alifauluje, na nani alikuwa karibu?)

Majibu yaletwe kwa katibu wa chama kabla ya mkutano ujao.