Daftari la Mtoto ni Amana

Tumeletewa suala na mzazi mmoja wa Garissa. Asema kwamba katika shule ya mwanawe, orodha ya wasiolipa karo, pamoja na majina ya baba zao, ilitiwa katika kundi la simu la wazazi, na kabla ya jua kuchwa ilikuwa imekwisha kufika hadi kwa mwenye duka anayemkopesha unga. Auliza: je, mwalimu ana haki hiyo? Twaliona suala hili kubwa, wala si la watu wa Garissa peke yao. Nasi wa pwani tumo.

Mwenyezi Mungu, katika aya ya 58 ya Suratin-Nisaa, ameamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe, na wanazuoni hawakulifunga neno hilo katika fedha na vyombo tu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mtu akizungumza nawe kisha akageuka kutazama huku na huku, mazungumzo yale yamekuwa amana kwako, japo hakukwambia usiseme. Basi itakuwaje kwa mzazi aliyeandika kwa mkono wake na kumkabidhi mwalimu nambari ya kitambulisho chake, maradhi ya mtoto, na habari kwamba mama ameachwa?

Imam Muslim amepokea kisa cha Anas bin Malik. Alikuwa akicheza na watoto wenziwe, Mtume akamtuma haja yake, akakawia kurudi kwa mamake. Alipoulizwa haja hiyo ni nini, alijibu kwamba ni siri. Na mama hakumshurutisha, bali alimuusia asimwambie yeyote. Mtoto aliihifadhi siri ya mkubwa. Sisi wakubwa leo twashindwa kuihifadhi siri ya mtoto.

Asije mtu akadhani twapinga kuandika. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratil-Baqara, yahusu kuandikiana deni. Karo ni deni. Iandikwe na idaiwe. Lakini hudaiwa mwenye deni, wala hadaiwi mtoto wake mbele ya mji.

Sheria ya nchi nayo yaafikiana na haya. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 chamlinda mtu zisifichuliwe habari za jamaa yake na mambo yake ya siri pasipo dharura. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, katika kifungu cha 33, yataka habari za mtoto zisishughulikiwe ila kwa idhini ya mzazi au mlezi, na kwa njia ya kulinda maslahi ya mtoto mwenyewe. Wala si maandishi matupu: mwezi wa Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule ya Roma ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi wao.

Watu wa Garissa wana sababu ya kuliogopa daftari kuliko sisi. Kambi za Dadaab zilipofunguliwa miaka ya 1991 na 1992, Wasomali wengi wa Kenya, wenyeji wa nchi hii, waliandikishwa pamoja na wakimbizi kwa sababu ya ukame na njaa, wapate posho, dawa na masomo kwa watoto. Wengine waliwekwa alama za vidole wangali wadogo. Walipobaleghe na kwenda kutaka kitambulisho, waliambiwa: ninyi ni wakimbizi, alama zenu zimo. Maelfu walikaa miaka bila kitambulisho, na asiye nacho hupata taabu katika chuo, kazi na hata kununua laini ya simu. Shirika la Haki na Sheria, la huko huko Garissa, lililipeleka jambo hili mahakamani.

Daftari lile halikuwa la shule. Lakini tazameni: habari ilitolewa kwa ajili ya chakula, ikatumiwa kumnyima mtu uraia wake. Mama aliyeyaona hayo, akisikia kwamba rejista ya shule nayo yasomwa na kila mtu, ataandika uongo, au atamweka mtoto nyumbani. Na mwenye kulaumiwa hapo si yeye peke yake.

Tena tuseme na nafsi zetu. Ni madrasa ngapi, za Garissa na za Mombasa, zinazowapanga mayatima mstari, kila mmoja na mfuko wa mchele mkononi, wakapigwa picha na majina yao yakaandikwa chini? Twaambiwa mfadhili ataka hakika ya mali yake. Basi apewe idadi ya watoto, hesabu ya fedha na stakabadhi za duka. Katika darasa yetu tumekubaliana tangu sasa daftari la wanafunzi likae katika kabati lenye ufunguo, na ufunguo uwe kwa mwalimu mmoja.

Ama muulizaji, hana dhambi kwa kushitaki. Aende kwanza kwa mwalimu mkuu kwa adabu, na barua mkononi, atake orodha ile iondolewe. Akikataliwa, ampelekee Kamishna wa Data mashitaka yake, pamoja na nakala ya barua hiyo.