Jina Nililompa Dada Yetu: Darsa Juu ya Mwanamke wa Kwenye Televisheni



Ndugu zangu katika imani, naianza darsa hii kwa kukiri kosa. Wakati wa uchaguzi wa jumuiya yetu, dada mmoja aligombea ukatibu. Alikuwa na hoja, na hakukubali kukatizwa anapozungumza. Usiku ule bwenini nikasema, "Huyu ni Hurrem kabisa!" Wenzangu wakacheka. Kufika Ijumaa jina lilikuwa limeenea, na kabla ya siku ya kura dada yule akajitoa.

Tulimjulia wapi Hurrem? Kwenye Sultan, tamthiliya ya Kituruki iliyoanza kuonyeshwa kwao mwaka 2011, kisha ikatufikia kwa sauti za Kiswahili. Nyumbani kwetu Buyenzi hakuna aliyethubutu kubadilisha chaneli ikianza. Mwulize yeyote aliyeitazama anakumbuka nini juu ya mke huyo wa Sultani Suleiman. Atakutajia wivu, machozi ya hila na njama dhidi ya wanawake wenzake. Nasi tulidhani tunasoma historia ya Kiislamu.

Nilichokikuta vitabuni

Baadaye nilikwenda kusoma. Nikakuta kwamba Hurrem, aliyefariki mwaka 1558, aliweka waqfu Istanbul wenye msikiti, madrasa, hospitali na jiko la kulisha maskini, kazi ya msanifu Mimar Sinan. Mwaka 1552 aliweka waqfu mwingine wa jiko la maskini Al-Quds, uliolisha watu kwa karne nyingi. Aliandikiana barua hata na mfalme wa Poland. Sisemi hakuwa na dosari. Wanahistoria bado wanabishana juu ya nafasi yake katika kuuawa kwa Mustafa, mtoto wa Sultani, mwaka 1553. Nasema tu kwamba ugomvi ndio tulioubeba, waqfu tukauacha.

Sababu yake ni biashara. Tamthiliya huishi kwa mtazamaji kurudi kesho. Wanawake wawili wakigombana chumbani, kipindi kinapatikana bila gharama ya farasi na majeshi, na swali la kesho linabaki. Jiko la maskini halimfanyi mtu akeshe akijiuliza nani kamtilia nani sumu.

Maswali matatu ya kujiuliza

1. Mwanamke huyu ana kazi gani, na je, tunamwona akiifanya?
2. Akili yake inaonyeshwa ikijenga, au ikibomoa tu?
3. Mwanamume akifanya kama yeye, angeitwaje?

Swali la tatu ndilo lililonihukumu. Kaka aliyegombea uenyekiti naye hakukubali kukatizwa. Yeye tulimwita simba.

Mafunzo kutoka katika dini yetu

Katika Surat Al-Hujurat, aya ya 6 inatuamrisha kuichunguza habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga. Aya ya 11 inakataza dharau, ikiwataja wanaume na wanawake kila kundi kwa lake, kisha inakataza kuitana kwa majina mabaya. Mimi nilizivunja zote mbili kwa sentensi moja.

Tena mifano ya wanawake wenye kauli hatukuikosa. Bi Khadija (R.A.) aliendesha biashara, na Mtume (S.A.W.) alisafiri na mali yake kabla hawajaoana. Bi Aisha (R.A.) alipokea Hadithi zaidi ya 2,000, na Maswahaba walimwendea kumuuliza mambo ya dini. Vipi sisi, tunaowasoma hawa kila wiki katika darsa, tukimwona dada mwenye kauli mfano wa kwanza kutujia ni wa kwenye skrini?

Sisemi tuzime televisheni. Nasema tusiruhusu itupe macho ya kuwatazamia dada zetu.

Nilimwendea dada yule, mbele ya dada wengine wawili, nikamwomba radhi. Akanijibu, "Nimekusamehe, kaka. Lakini umeniomba radhi peke yangu. Wale waliocheka watajuaje?"

Makala hii ndiyo jibu langu kwake. Uchaguzi ujao akigombea, au akigombea dada mwingine yeyote, tusikilize hoja zake kwanza.

Wabillahi tawfiiq.