Mtoto Aliyezaliwa Kabla ya Siku Zake: Utajuaje Kwamba Anaendelea Vizuri?

Kwa kawaida mimba huchukua muda wa wiki 40. Mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia huhesabiwa kuwa amezaliwa kabla ya wakati. Wengi wao huishi na kukua kama wenzao wakitunzwa vyema, lakini siku za mwanzo zina hatari nyingi.

Njiani kwenda hospitali

Huenda, msomaji, una dada au mke wa ndugu yako huko Macalder, eneo la machimbo ya dhahabu katika kaunti ya Migori. Akijifungua mapema, pengine mtoto atahitaji kupelekwa hospitali ya rufaa mjini Migori. Adui mmoja mkubwa njiani ni baridi, hata jua likiwa kali, kwa sababu mtoto huyo hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi.

Asioshwe. Akaushwe, avikwe kofia, soksi na nepi, kisha alazwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, na wote wawili wafunikwe. Malezi haya huitwa ya kangaruu. Yalianzishwa mwaka wa 1978 mjini Bogota, Kolombia, na Daktari Edgar Rey Sanabria, wakati hospitali yake ilipokuwa na watoto wengi kuliko mashine za kuwatia joto.

Mambo manne ya kuangalia

Pumzi: Mapafu hayajakomaa, na mara nyingine mtoto husahau kupumua. Ndiyo maana huwekewa hewa puani au kupewa dawa ya kafeini. Kupunguziwa oksijeni ni hatua njema.

Joto: Linatakiwa liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5 za Selsiasi.

Chakula: Uwezo wa kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpango huanza kuimarika karibu na wiki ya 34 ya umri wa mimba. Kabla ya hapo hulishwa kwa mrija. Mama akamue maziwa angalau mara nane usiku na mchana. Yale ya kwanza, mazito na ya manjano, yasimwagwe: ni kinga.

Uzito: Usishtuke ukipungua siku za kwanza, hata kwa asilimia 10. Baada ya wiki mbili hivi huwa umerudi. Kisha mtoto wa kilo moja na nusu anatarajiwa kuongeza gramu 20 hivi kila siku.

Maendeleo haya hayaendi kwa mstari ulionyooka. Mtoto aliyeondolewa oksijeni jana anaweza kurudishiwa leo. Muulize muuguzi sababu, usikate tamaa.

Mama si mgeni wodini

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021, uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulionyesha kwamba malezi ya kangaruu yakianza mara tu baada ya kuzaliwa, vifo vya watoto hao hupungua kwa robo, kuliko yakisubiri mtoto apate nguvu kwanza. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza yaanze mapema. Mama akichoka, baba au nyanya anaweza kumshika mtoto.

Ujuzi wa wahudumu nao una uzito wake. Kati ya 2016 na 2018, katika hospitali na vituo 20 vya Migori na Busoga, Uganda, ulifanywa utafiti mwingine. Palipoongezwa mazoezi ya vitendo juu ya orodha ya kufuata wakati wa kuzalisha na kumbukumbu safi, watoto 15 hivi kati ya kila 100 waliozaliwa kabla ya wakati au wadogo mno walifariki. Kwingineko walikuwa 23.

Wewe uliye mjini unaweza kusaidia. Tuma nauli na pesa za chakula, na utafute mtu wa kuwatazama watoto waliobaki nyumbani, ili mama akae wodini.

Baada ya kuruhusiwa, mtoto arudishwe hospitalini mara moja akikataa kunyonya, akiwa baridi au na homa, akipumua kwa shida, akipata degedege au akigeuka manjano. Usingoje kupambazuke.