Kiuno cha Mtu Anayesafishwa Damu

Mgonjwa wa figo akilalamika kiuno, nyumbani jibu huwa tayari: "Ni figo hizo." Mara nyingi sizo. Mara tatu kwa wiki anakaa kwenye kiti cha mashine takriban saa nne, mkono mmoja umeunganishwa na mirija, hathubutu kujigeuza. Akirudi amechoka, analala. Misuli inazidi kulegea, na mifupa nayo hudhoofika, kwa kuwa figo haziwezi tena kusawazisha kalsiamu na fosforasi mwilini. Mkimtandikia kitanda kutwa, mnamwongezea maumivu.

Mtaalamu wa fiziotherapia ataanza na jambo dogo: kuamka. Asijikurupushe kwa kuinua kifua. Akunje magoti, ageuke ubavu, ateremshe miguu huku akijisukuma kwa kiwiko cha mkono usio na fistula. (Si fistula ile ya uzazi. Hii ni mishipa iliyounganishwa mkononi ili ipokee sindano za mashine. Ukiigusa utahisi inatetema.) Fistula ikiwa kushoto, geuzeni kitanda ashukie kulia. Na ndoo ya maji asiibebe kwa mkono wenye fistula.

Kisha alale chali, magoti yakiwa juu, abonyeze kiuno kwenye godoro na kuhesabu hadi tano kwa sauti. Kwa sauti, ili asibane pumzi. Aachie, arudie mara kumi, au pungufu akichoka. Zoezi jingine ni kusimama na kukaa kwenye kiti kilichoegemezwa ukutani. Na jioni atembee uani. Afanye haya siku isiyo ya mashine, kwani akitoka kusafishwa presha huweza kushuka akaona kizunguzungu. Anayesafishwa kwa maji ya tumboni afanye mazoezi maji yakiwa yametolewa: lita mbili tumboni huvuta kiuno mbele kama mimba.

Diklofenaki na ibuprofeni za duka la pembeni asimeze bila ruhusa ya daktari wake. Huchubua tumbo hadi likatoa damu, na humnyima hata ule mkojo kidogo uliobaki. Parasetamo ndiyo huanza, kwa kipimo atakachopewa. Na yule jamaa anayesifika kwa kukanda hadi mifupa ialike, mpeni chai tu. Chupa ya maji moto ifungwe kitambaa. Mwenye kisukari huweza kuungua asijue.

Msisubiri kumpeleka hospitali akiwa na homa au kutetemeka, hasa mwenye mpira wa kusafishia damu shingoni, maana vijidudu vya kwenye damu huweza kufika kwenye uti wa mgongo. Vilevile miguu ikilegea, ganzi ikishika makalio na sehemu za siri, au choo kikimtoka bila kujua. Wagonjwa wengine wa mgongo huambiwa wachunge mkojo ukiziba. Wengi wa wanaosafishwa damu hawakojoi tena, au hukojoa kidogo tu, kwa hiyo dalili hiyo haitawaamsheni. Ulizeni miguu na choo, na akianguka, hata kutoka kitandani tu, apelekwe akapigwe picha.